Kubadili usukani wa baiskeli mikono inapokufa ganzi

"Kaka, nikifika kazini vidole viwili vya pembeni sivisikii kabisa. Ninunue glavu?"

Swali hili nimelijibu kwa simu, kwa ujumbe, hata nikiwa nimesimama kwenye foleni ya mataa. Glavu zinasaidia kidogo. Lakini ukiendesha kutoka Tegeta hadi Posta, hapa Dar es Salaam, ukiwa na usukani mnyoofu kama ufito wa fagio, viganja vimekaa palepale safari nzima, na hakuna glavu ya kukutoa hapo. Mkono hautaki kukaa mahali pamoja saa nzima, hata kama mahali penyewe ni pazuri. Unataka pa kuhamia.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye baiskeli ya kawaida, nyingi zikiwa za mtumba, anayetaka kubadili usukani bila kuharibu breki na bila kununua kitu kitakachokataa kuingia. Hilo la kukataa kuingia ndilo linalowaliza wengi, kwa hiyo nitakaa nalo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Spana za L, zile wanazoita elenki: namba 4, 5 na 6 zinatosha baiskeli nyingi. Za zamani zinataka spana ya kawaida ya 13 na wakati mwingine 10.
- Rula yenye milimita na kipande chembamba cha karatasi. Ukiwa na venia ya kupimia, vizuri zaidi.
- Bisibisi, wembe au kisu kikali, kitambaa kisafi.
- Spiriti kidogo, au maji ya sabuni.
- Grisi, kiasi cha ncha ya kidole.
- Nyundo na kipande cha mbao, kama shingo ya usukani wako, yaani kile chuma kinachoubana na kuushikisha kwenye foki, ni ya zamani.
- Kamba ya viatu au uzi mnene.
- Kalamu mbili. Utaona kazi yake.
- Simu ya kupigia picha.

Waya mpya wa breki na kava lake usinunue bado. Utajua urefu wake ukifika hatua ya 8.

Hatua

1. Jua ni wapi panauma

Ganzi ikiwa kidole kidogo na cha pete, unaukandamiza mshipa wa fahamu unaopita upande wa nje wa kiganja, karibu na kifundo. Hii ndiyo ganzi ya waendesha baiskeli wengi. Ikiwa gumba, cha shahada na cha kati, kifundo chako kimekunjwa kupita kiasi, ama kwenda juu ama kwenda chini. Ikiwa ni maumivu ya mabega na shingo, usukani uko mbali nawe au uko chini mno.

Andika kwenye simu: panauma wapi, baada ya dakika ngapi. Usipoandika, baada ya wiki mbili utakuwa unabishana na kumbukumbu yako mwenyewe.

2. Rekebisha siti na leva kwanza, uendeshe siku tatu

Najua hukuja kusoma habari za siti. Lakini siti iliyoinama mbele inakumwaga juu ya usukani, na viganja vinabeba mwili ambao ulipaswa kubebwa na makalio. Iweke iwe sawa na ardhi. Weka rula ndefu au ubao juu yake, uangalie kwa jicho. Kama imesukumwa mbele sana kwenye reli zake, irudishe nyuma sentimita moja.

Kisha leva za breki. Kaa kwenye baiskeli, mtu akushikilie, weka vidole juu ya leva kama unataka kufunga breki. Mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni unapaswa kunyooka. Kama kifundo kinakunjika kwenda juu kama unasukuma mlango, leva zimekaa juu mno: zilegeze, uzizungushe kwenda chini kidogo, ukaze. Kazi ya dakika tano.

Watu wengi huishia hapa na kuniambia asante. Ikiwa baada ya siku tatu ganzi bado ipo, endelea.

3. Pima unene mahali pawili

Usukani una vipimo viwili vya unene, na kila kimoja kinaweza kukukatalia.

Cha kwanza ni pale katikati, unapobanwa na shingo. Utakutana na milimita 25.4 kwenye baiskeli nyingi za zamani na za mjini, 26.0 kwenye za mbio za zamani, 31.8 kwenye za kisasa, na mara chache 35. Cha pili ni pale zinapokaa gripu na leva: 22.2 kwa sukani nyoofu na jamaa zake, 23.8 kwa sukani za mbio zilizopinda kwenda chini.

Huna venia? Zungushia karatasi nyembamba mara moja kwenye bomba, weka alama inapokutana, ikunjue uipime kwa rula:

- karibu milimita 70: unene ni 22.2
- karibu 75: ni 23.8
- karibu 80: ni 25.4
- karibu 82: ni 26.0
- 100 kasoro kidogo sana: ni 31.8

Kati ya 80 na 82 ndipo penye mtego, maana jicho halioni tofauti. Mimi niliwahi kutoa usukani kwenye lundo la chakavu, wa 25.4, nikaufunga kwenye shingo ya 26.0. Ulionekana umekaa. Nilikata kopo la soda nikaviringisha kipande chake katikati ili ujae, nikakaza mpaka bolti ikalia. Wiki nzima ulikaa vizuri. Siku ya nane nikafunga breki ghafla kwenye mataa ya Mwenge, usukani wote ukazunguka kwenda chini, leva zikaangalia ardhi, mimi nikabaki nimelalia bomba la fremu kwa tumbo. Bahati yangu nyuma yangu kulikuwa na mkokoteni, si daladala.

Usukani wa 25.4 ukitaka kuingia kwenye shingo ya 31.8, zipo bushi za alumini zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, na zinafaa. Kopo la soda libaki kuwa kopo la soda. Na kinyume chake hakipo kabisa: usukani mnene hauingizwi kwenye shingo nyembamba kwa kuipanua na bisibisi. Itapasuka, kama si leo basi ukiwa kwenye mteremko.

4. Angalia breki zako ni za aina gani

Hapa ndipo uchaguzi wako unapobanwa, na ni bora ubanwe sasa kuliko baada ya kulipa.

*Breki za fito* (Phoenix, Avon, Hero na ndugu zao): vyuma vya breki vimeshikamana na usukani wenyewe. Ukiutoa usukani, umetoa na breki. Na usimsikilize anayekwambia utafunga breki za waya za kubana pembeni kwenye rimu zilezile: rimu za baiskeli hizo zimetengenezwa zikamatwe kwa upande wa ndani, kule zinakotokea spoku, na pembeni hakuna uso wa kukamatia. Habari njema ni kwamba usukani wenu tayari ni wa kurudi nyuma, kitu ambacho wenzenu wa Ulaya wanakilipia pesa. Ninyi pandisheni urefu wake, badilini gripu, rukeni hatua ya 5.

*Vi-breki (zile za mikono miwili inayobana rimu pembeni) na breki za diski za waya:* leva zake zinaingia kwenye bomba la 22.2. Chagua usukani ambao ncha zake ni 22.2, utahamisha kila kitu kama kilivyo, leva za gia pia.

*Breki za diski za mafuta:* kama bomba lake la mafuta halitafika, litahitaji kurefushwa na kutolewa hewa. Mpe fundi anayezijua. Usijaribie barazani.

5. Shika kalamu mbili, kisha chagua umbo

Simama wima, shika kalamu moja kila mkono kwenye ngumi, legeza mabega, tembea hatua kumi. Simama ghafla, angalia chini. Kalamu zako hazijanyooka mstari mmoja kama usukani mnyoofu. Kila moja imeelekea ndani na mbele, kwa pembe. Hivyo ndivyo mikono yako inavyopenda kukaa. Kadiri kalamu zinavyoelekea mbele zaidi, ndivyo unavyohitaji usukani unaorudi nyuma zaidi.

Sasa maumbo, kuanzia la bei nafuu.

*Pembe.* Vipande viwili vifupi vya bomba vinavyofungwa kwenye ncha za usukani wako mnyoofu, vikielekea mbele. Huibadilishi baiskeli, unaiongezea mahali pa pili pa kushika, viganja vikitazamana kama mtu anayetaka kupiga makofi. Kwa kupanda mlima ni raha. Ubaya wake: ukiwa umeshika pembe, breki ziko mbali. Pia mjini zinanasa, nimewahi kuona pembe ikiondoka na mfuko wa nyanya wa mtu Kariakoo. Ukifunga kwa ndani ya gripu badala ya nchani, hazinasi, na mikono inasogeleana vizuri ukipambana na upepo. Usifunge kwenye usukani wa alumini mwembamba sana: utabonyea.

*Usukani wa kurudi nyuma.* Waingereza wanauita North Road. Unatoka kwenye shingo, unakwenda mbele kidogo, kisha unapinda kumrudia mwendeshaji, gripu zikiwa karibu sambamba na njia. Ndio ule wa baiskeli ya babu, ule tuliouchekea tulipopata baiskeli zetu za kwanza zenye gia. Babu alikuwa anakwenda shamba na kurudi na gunia nyuma, mikono yake haikulalamika. Una mahali pawili: gripu zenyewe, na kule mbele kwenye mkunjo unapotaka kuinama. Kwa mtu wa kazini na sokoni, huu ndio ninaoupendekeza mara nane kati ya kumi, na mara nyingi unapatikana kwa fundi yeyote mwenye lundo la vyuma vya mtumba.

Ujue tu mambo mawili. Utakaa wima zaidi, kwa hiyo uzito unahama kutoka mikononi kwenda makalioni, na siti nyembamba ngumu itaanza kusema. La pili ni upepo. Ukiwa umekaa wima mchana kando ya bahari, utakutana nao kifua kwa kifua.

*Kipepeo.* Una umbo la namba 8 iliyolazwa, haijafungwa: ncha zake mbili zilizo wazi zinamtazama mwendeshaji, na hapo ndipo leva hukaa. Wajerumani na Waholanzi wanaupenda kwa safari ndefu. Unapata pa kushika karibu, pembeni, mbele, na kwenye kona kati ya hapo. Ncha ni 22.2, leva zako za usukani mnyoofu zinaingia moja kwa moja. Kwa mtu anayekwenda Bagamoyo na kurudi mwisho wa wiki, mimi ningeuchukua huu kabla ya wa mbio. Ni mzito, na unatikisika kidogo ukisimama kwenye pedeli kuvuta kwa nguvu. Na kumbuka, ukishika kule mbele, breki ziko nyuma ya mikono yako. Kwenye msongamano rudisha mikono kwenye leva.

*Pembe za kondoo,* yaani usukani wa mbio. Una mahali patatu au pane pa kushika, na kila anayeanza anautaka kwa sababu unapendeza. Mimi humwambia hapana. Ncha ni 23.8, leva zako haziingii. Leva za kawaida za mbio zinavuta waya kidogo kuliko vi-breki inavyotaka, kwa hiyo breki haibani. Zipo leva maalumu zinazovuta waya mrefu, lakini hapo unanunua tena na leva za gia. Juu ya hayo, fremu ya baiskeli ya milimani ni ndefu kwa sababu ilitengenezewa usukani mnyoofu. Ukiweka unaokwenda mbele zaidi, utalala kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kitanda. Ukiutaka kweli, nunua baiskeli iliyokuja nao.

*Masharubu.* Upo kama wa mbio uliokanyagwa ukawa bapa. Ulipata jina mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulipofungwa kwenye Bridgestone XO-1. Mara nyingi nao unataka leva za mbio. Ni mzuri, lakini shida zake ni zilezile.

*Jones.* Ni wa Jeff Jones, mtengenezaji baiskeli wa kule Marekani, unarudi nyuma kwa nyuzi 45, na aina moja ina kitanzi mbele cha kushikia. Ncha 22.2. Kama kalamu zako zilielekea mbele sana na mfuko unaruhusu, ni usukani wa akili sana. Kwetu utauagiza.

Ukinunua chakavu, wa umbo lolote, pitisha ukucha taratibu pale katikati panapobanwa na pale panapoanza kupinda. Ukucha ukinasa kwenye mstari, uache. Alumini iliyopinda kwa ajali hainyooshwi. Fundi atakunyooshea ukimwomba, na itavunjika bila kukupa taarifa.

6. Toa usukani wa zamani

Piga picha kwanza, juu na pande zote mbili. Nyaya zinapita wapi, ipi iko juu ya ipi.

Gripu: ingiza spoku kuukuu au bisibisi nyembamba kati ya mpira na bomba, mimina spiriti au maji ya sabuni, zungusha huku unavuta. Zikiwa zimekufa, pasua kwa wembe ukielekeza makali mbali na mkono wa pili. Kisha legeza leva na uzitelezeshe nje. Usifungue waya upande wa breki bila sababu.

Sasa shingo. Ikiwa inalikumbatia bomba la foki kwa nje na ina kifuniko cha mbele cha bolti mbili au nne, una bahati: fungua kifuniko hicho tu. Bolti ya juu kabisa na zile za pembeni usiziguse, hizo zinashikilia gololi za foki, na wengi wakishazilegeza hushangaa mbona gurudumu la mbele linacheza.

Ikiwa ni ya zamani, inayozama ndani ya bomba la foki, usukani unachomolewa kwa upande. Toa kila kitu upande mmoja, legeza bolti ya kubana, zungusha usukani taratibu ukifuata mikunjo yake. Ukigoma, toa bolti, iingize kutoka upande wa pili wenye uzi, weka sarafu kwenye upenyo, kaza kidogo: bolti itasukuma sarafu na upenyo utafunguka kwa adabu. Kidogo, narudia.

Ukitaka kupandisha shingo ya namna hii, legeza bolti ya juu mizunguko mitatu, weka kipande cha mbao juu yake, gonga mara moja kwa nyundo. Kabari ya chini itaachia. Pandisha, lakini usivuke mstari uliochongwa kwenye shingo. Mstari ukionekana juu ya bomba, umevuka, na kilichobaki ndani hakitoshi kukushikilia.

7. Funga mpya

Futa pale katikati na ndani ya shingo kwa spiriti, pabaki pakavu. Grisi inapakwa kwenye nyuzi za bolti, si hapo, usukani ukiwa wa chuma au alumini. Weka usukani, hakikisha alama za katikati ziko sawa pande zote, kaza kwa mkono.

Kifuniko cha bolti nne kinakazwa kwa msalaba, kila moja nusu mzunguko, upenyo wa juu na wa chini ukibaki sawa. Soma namba iliyoandikwa kwenye shingo. Nyingi zinasema nyutoni mita 5 au 6. Huna spana ya kupimia nguvu? Shika spana ya L kwa vidole, karibu na kona yake. Ukishaanza kukunja uso umezidisha. Kurefusha spana kwa kipande cha bomba ni njia ya uhakika ya kukata bolti.

Pembe ya mwanzo: usukani wa kurudi nyuma, gripu zishuke kidogo sana nyuma, kama zinaelekea kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma au juu yake. Kipepeo, uwe bapa au upande wa mbele uinuke kidogo. Hutapatia siku ya kwanza. Beba spana mfukoni wiki nzima.

8. Rudisha leva, pima nyaya

Kabla ya kukaza, kagua leva ya kulia inafunga gurudumu lipi. Sisi tumezoea kama Waingereza, kulia ni mbele. Baiskeli nyingi za mtumba zilizotoka Ujerumani au Marekani, kushoto ndiyo mbele. Chagua moja na ubaki nayo, hasa kama nyumbani mna baiskeli mbili, maana mkono hufunga kabla kichwa hakijafikiri.

Kisha zungusha usukani mpaka mwisho kulia, halafu mpaka mwisho kushoto. Waya usikazike, usivute breki, usipinde kona kali. Ukiwa mfupi, tandaza kamba ya viatu kutoka leva hadi pale kava linapoishia kwenye fremu, usukani ukiwa umegeuzwa upande ulio mbali, ongeza sentimita mbili. Huo ndio urefu wa kava la kununua, na waya wa ndani uwe mrefu kuliko hapo. Usukani unaorudi nyuma na juu karibu kila mara unataka kava refu la breki ya nyuma.

9. Gripu, utepe, vizibo

Gripu ndefu kwa usukani wa kurudi nyuma. Kwa kipepeo, utepe: anza nchani, kila mzunguko ufunike theluthi ya uliotangulia, vuta bila kurarua. Utepe ukikosekana, tyubu kuukuu iliyokatwa ukanda wa sentimita tatu inafanya kazi vizuri na haichubui, ingawa juani itakupaka weusi mpaka uioshe kwa sabuni.

Ziba ncha zote mbili. Bomba lililo wazi ukiliangukia linakata nyama kama linavyokata unga wa maandazi. Kizibo cha chupa kilichochongwa kinatosha.

10. Jaribu kabla ya barabara

Bana gurudumu la mbele kwa magoti, jaribu kuzungusha usukani kwa nguvu. Usisogee. Kisha lala juu ya ncha zake kwa uzito wako wote. Usizunguke. Finya breki zote mbili kwa nguvu mara kumi. Zunguka mtaani dakika kumi, rudi, kagua bolti. Kagua tena baada ya siku mbili.

Mambo yanayojitokeza baadaye

*Usukani unazunguka nikigonga shimo.* Pima unene tena, kabla ya kukaza zaidi. Ukiwa sahihi, safisha grisi iliyoingia katikati.

*Unalia kwa kwikwi nikivuta.* Fungua, safisha, paka grisi nyuzi za bolti, kaza upya. Ukiendelea kulia, tafuta ufa.

*Magoti yanagonga gripu nikikata kona.* Usukani umekurudia mno. Upandishe, au tafuta shingo ndefu kidogo.

*Gurudumu la mbele limekuwa jepesi, linayumba.* Uzito umehamia nyuma. Siku tatu za kwanza ni mazoea tu. Ikizidi hapo, sogeza siti mbele nusu sentimita, au shika kwenye mkunjo wa mbele unapopanda mlima.

*Breki imekuwa nzito au hairudi.* Kava limepinda kona kali mahali fulani, kwa kawaida pale linapotoka kwenye leva.

*Ganzi imetoka vidoleni, sasa mgongo unauma.* Umekaa wima kupita unavyohitaji. Shusha usukani sentimita moja kwa wakati, endesha siku mbili, ndipo ushushe tena.

*Ganzi haijaisha.* Tazama kwanza kama kweli unahama. Nimemfungia rafiki yangu kipepeo, nikamfuata nyuma hadi Bunju, akashika palepale tangu tulipoondoka. Weka kengele ya simu kila dakika kumi mpaka mikono ijifunze. Na kama vidole vinabaki na ganzi hata asubuhi kabla hujagusa baiskeli, au unadondosha kikombe, acha kuendesha kwa muda na umwone daktari, usisubiri usukani mwingine.

*Wa zamani niufanye nini?* Uweke mwezi mmoja pamoja na gripu na bolti zake. Ukiona huu mpya umekushinda, utaurudisha jioni moja. Ukiona umekufaa, mpelekee fundi aliyekuuzia huu, atakupunguzia bei ya waya.